Siku ya Wazazi kwa mafundi wa boti: namna ya kupeleka familia ufuoni Goma

Mwaka juzi binti yangu wa miaka saba alisimama mbele ya boti ya mbao iliyopandishwa juu ya magogo, akaitazama toka chini hadi juu, kisha akaniuliza: "Papa, hii ilitoka wapi?" Nikajibu haraka haraka, kama wazazi tunavyojibu, kwamba labda ilitoka Bukavu. Fundi mmoja aliyekuwa amelala chali chini ya tumbo la boti akacheka bila kutoa uso. "Haikutoka popote, mama," akamwambia mtoto. "Ilizaliwa hapa hapa."

Nimekaa Goma miaka yote hii na sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Ziwa Kivu halina mlango wa kuingilia. Maji yake yanatoka kwa Ruzizi, pale Bukavu, na Ruzizi inaporomoka toka mita kama 1,460 juu ya bahari hadi chini ya mita 800 kule Tanganyika, kati ya mawe na makorongo. Ndiyo maana waliweka huko mabarrage, yaani mabwawa, ya umeme. Hakuna chombo kinachopanda njia hiyo. Kwa hiyo kila kinachoelea Kivu, toka mtumbwi wa mtu mmoja hadi meli ya chuma yenye vyumba, ama kilipigiliwa ufuoni kwetu, ama kilikuja kwa barabara vipande vipande kikaunganishwa hapa. Maziwa yetu mengi makubwa yana habari hiyo. Ile meli ya Kigoma inayoitwa Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku, ikasafiri kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na toka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya.

Sisi hatuna jumba la makumbusho la meli wala chantier, yaani uwanja wa kutengenezea boti, yenye geti na tiketi. Tuna ufuo. Lakini ukipanga siku vizuri, ufuo huo unatosha kuwapa watoto siku nzima. Haya ndiyo tunayofanya kwetu, pamoja na makosa tuliyokwisha kuyalipia.

Kwanza, chagua siku

Sisi tunaifanya kwenye Siku ya Wazazi, tarehe 1 Agosti. Vakansi ya shule imekwisha kuanza, kiangazi kiko katikati, mvua si ya kuogopa sana, na ni siku ya mapumziko nchi nzima. Kuna tatizo moja: mafundi nao ni wazazi. Asubuhi ya tarehe 1 wengi wanakwenda makaburini kusafisha na kuweka maua kwa ajili ya baba na mama waliotangulia, kama familia zote. Ukifika saa mbili ukitegemea kelele za nyundo unaweza kukuta mlinzi na mbwa tu.

Kuna njia mbili. Ukitaka kuona kazi yenyewe, nenda Jumamosi iliyo karibu na sikukuu. Ukitaka sikukuu, tafuta kama kuna boti inayoshushwa majini tarehe 1. Mwenye boti mmoja aliniambia anapenda siku ya mapumziko kwa sababu mikono ya kuvuta inapatikana bila kutafutwa, na wengi wanaridhika na soda na kipande cha mbuzi. Ukibahatika kupata hiyo, acha mengine yote.

Jambo jingine la kuangalia ni mwezi. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanavua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, samaki hawakusanyiki. Siku za giza ndizo za samaki wengi alfajiri. Kama unataka watoto waone mitumbwi ikirudi imejaa, hesabu mwezi kabla ya kuahidi.

Wiki moja kabla: tafuta boti, usitafute mahali

Watu wananiuliza "chantier iko wapi?" Inahama. Wiki hii boti imepandishwa hapa, mwezi ujao pale patupu, pamebaki maganda ya mbao na misumari iliyopinda. Mimi naanzia Kituku, kwenye soko la ufuoni. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, peke yako, bila watoto. Waulize mama wanaouza sambaza, au vijana wanaobeba mizigo: ni boti gani iko juu sasa, na ya nani? Wanajua kuliko mtu yeyote. Watakuonyesha kidole upande, ufuate ufuo kwa miguu.

Ukimpata fundi mkubwa, usianze na maswali. "Jambo papa. Kazi inaendelea?" Kaa kidogo. Muache amalize ubao alioushika. Halafu mwambie ukweli: una watoto, unataka waone boti inavyotengenezwa, unaomba siku na saa isiyomsumbua. Sijawahi kukataliwa. Mara moja fundi aliniambia nisilete watoto siku ile kwa sababu walikuwa wanageuza boti, na alikuwa na haki kabisa.

Hapo hapo uliza mambo mawili. Boti ya nani, na je, mwenyewe anakubali? Fundi anakubali kwa urahisi, lakini chombo ni cha mwingine na pengine kuna deni kati yao ambalo hulijui. La pili ni picha. Ufuo uko karibu na bandari, na bandari kwetu si mahali pa kutoa simu na kupiga ovyo. Picha ya mtoto wako na mkono wa fundi, ndiyo, kama fundi amekubali. Picha ya gati, ya askari, ya watu wa forodha, hapana. Waambie vijana wakubwa nyumbani kabla, kwa sababu wao ndio wenye simu na ndio wasiosikia.

Jana yake: hali ya mji, na mifuko

Goma inabadilika kwa usiku mmoja. Jioni ya kuamkia siku yenyewe piga simu kwa mtu anayekaa upande ule, uliza njia iko namna gani, soko limefungua, boti zinatembea au zimesimamishwa. Akisita katika kujibu, ahirisha. Ufuo hautahama.

Halafu viatu. Hili nitalisema kwa nguvu. Mwaka wa kwanza nilimwachia kijana wangu avae kandambili kwa sababu tunakwenda majini. Ardhi yetu ya huku ni lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani ikiwa moto, na mawe yake yanakata kama chupa. Alipasuka kisigino kabla hata hatujaona boti, tukarudi nyumbani kwa moto, yaani pikipiki, mimi nikiwa nimeshika mguu wake kwenye leso ya mama yake. Viatu vilivyofungwa, soli ngumu, kwa kila mtu, hata kwa koko, bibi yao. Ufuoni kuna pia misumari.

Maji ya kunywa mbebe toka nyumbani, mengi kuliko mnavyodhani. Watoto wataona watu wanachota ziwani kwa bidoni, yaani madumu, na watataka kunywa; kataza. Goma inakumbuka kipindupindu cha 1994, na mpaka leo kuna sehemu ufuoni ambapo kijana amekaa na bomba la sindano anatia klorini katika kila bidoni inayotoka. Mwonyesheni mtoto huyo kijana. Ni moja ya kazi nzuri kabisa pale.

Pesa: faranga ndogo ndogo za Kongo. Dola chukua moja au mbili kwa dharura, na ziwe safi, maana dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha mnajua wenyewe inavyokataliwa. Kofia. Sweta kwa asubuhi, kwa sababu kiangazi cha Goma saa kumi na mbili kina baridi ya kweli. Chaki moja au mbili, nitaeleza chini kwa nini. Na nguo ambazo hamtazililia, kwani lami haina heshima.

Saa kumi na mbili asubuhi: sambaza kwanza

Wenye watoto wadogo sana waruke hatua hii. Wengine, amkeni.

Mitumbwi inarudi mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi inayotokeza mbele na nyuma kama pembe za senene, na wavu uko katikati. Mara nyingi unasikia kuimba kabla ya kuona kitu, mmoja anatoa sauti, wengine wanaitikia kwa kasia. Hapo kuna somo la kwanza la ufundi: waulize watoto kwa nini mitumbwi mitatu na si mmoja mkubwa. Wetu walibishana nusu saa. Jibu wanalipata wenyewe wakitazama mtu anavyotembea juu ya miti ile kama barabarani, na wavu mpana unaning'inia bila chombo kupinduka.

Sambaza wenyewe si wa hapa. Waliletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni ndugu wa ndagala wa Uvira. Kabla ya hapo mzee wa Kivu hakuwajua. Kila nikisema hivyo mezani mtu anakataa, kwa sababu huwezi kuifikiria Goma bila sambaza, lakini ni hivyo.

Onyo la alfajiri. Sisi wa huku tunajua neno mazuku, na watoto wa mjini wanalisikia tu. Ni hewa nzito inayotoka ardhini na kulala mabondeni na kwenye mashimo, haina rangi, na kwa kawaida haina harufu. Usiku na asubuhi mapema bila upepo ndipo ina nguvu. Inaua mbuzi, inaua watu. Sehemu zinazojulikana zaidi ziko magharibi mwa mji, kuelekea Ziwa la Kijani na Bulengo. Kwa hiyo mtoto asiteremke kwenye shimo lolote la mawe kufuata mpira au jogoo, hasa asubuhi, na mtoto mfupi yuko hatarini kuliko wewe unayepumua hewa ya juu. Ukiona ndege au panya wamekufa shimoni, toka hapo uende juu, usiiname kuangalia.

Saa mbili: kaeni kwa fundi

Hapa ndipo siku ilipo. Nimeona familia zinapita mbele ya boti, zinapiga picha, zinakwenda kutafuta muziki. Dakika tano. Mimi nasema masaa mawili mazima, mkiwa mmekaa, na kila mtoto achague fundi mmoja wa kumtazama.

Boti ya mbao inaanza na mgongo wake, ule mti mrefu wa chini ambao watu wa pwani wanauita mkuku. Juu yake zinasimama mbavu, za pwani wanaziita mataruma, halafu mbao zinavishwa kwa nje. Ukikuta boti iko kwenye hatua ya mbavu, una bahati: mtoto anaona kwamba kitu hiki kimetengenezwa kama samaki au kama yeye mwenyewe. Mwambie ashike mbavu zake kwanza, halafu za boti. Mbao huwa zinafika kwa njia nyingi, hata kwa chukudu, ile ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, na chukudu nayo ni ya mbao, basi unaona mti umebeba mti unaokwenda kubeba watu.

Lakini kazi ninayopenda ni kuziba. Kati ya ubao na ubao kuna ufa, hata fundi awe nani. Mwaka ule fundi wetu, muzee wa makamo mwenye kidole gumba kilichopoteza ukucha, alichukua pamba chafu, akaipaka mafuta, akaiviringisha kati ya viganja mpaka ikawa kamba nyembamba kama mkia wa panya. Akaiweka juu ya ufa. Akashika tindo butu, akaanza kugonga, si kwa nguvu, ta-ta-ta, anasogea upana wa kidole, ta-ta-ta. Pamba ikawa inaingia na kupotea. Mwanzoni sauti ilikuwa laini. Ilipojaa, ikabadilika, ikawa kama kugonga mlango wa mvule. "Sikia," akamwambia binti yangu, "sasa imekataa." Maana yake ufa umekataa kupokea tena, umeshiba. Halafu ndipo inakuja lami ya moto toka kwenye debe. Huko Mombasa na Zanzibar kazi hii ina jina lake, kalafati. Hapa niliwasikia wanasema kuziba tu, lakini mkono ni ule ule.

Mruhusu mtoto ashike pamba na kuiviringisha. Tindo na nyundo, muulize fundi, usijiamulie. Debe la lami, mbali: chora mstari ardhini kwa mguu na mwambie mtoto hapa ndipo mwisho.

Kwenye ufuo huohuo kuna boti za chuma, na pale wanachomelea. Hapo sitaki mchezo. Ule mwanga mweupe unavutia watoto kuliko kitu kingine chochote, na macho hayaumi palepale. Yanauma usiku. Kijana wa dada yangu alitazama robo saa, saa nne usiku akaamka analia kwamba ana mchanga machoni, tukakesha na vitambaa vya maji baridi. Geuzeni migongo, au nendeni upande wa mbao.

Maswali ambayo mafundi wanapenda kuulizwa, kwa uzoefu wangu: alijifunza kwa nani, boti ya kwanza aliyoitengeneza iko wapi leo, ubao gani anaukataa. Swali wasilopenda ni bei. Liache mpaka ukitaka kununua boti kweli.

Usilipe kiingilio, maana hakipo. Lakini usije mikono mitupu. Sisi tunabeba mkate na jibini ya Masisi, chai ndani ya thermosi, sukari ya kutosha. Fundi anayekunywa chai yako anasimama kazi, na akisimama kazi ndipo anapoanza kusimulia. Ukimpa pesa mbele ya vijana wake anaona haya, au vijana wanaanza kugombana. Ukitaka kutoa kitu zaidi, mpe mkubwa mwishoni, mkononi, kimya, useme ni ya misumari.

Chaki

Kabla boti haijashuka, mafundi wengine wanamwaga maji ndani yake, ndoo baada ya ndoo, na kutazama nje ni wapi yanatoka. Ni njia ya akili: badala ya kungoja ziwa liingie, unaliacha litoke. Watoto wana macho makali na wako karibu na ardhi. Wape chaki, wazunguke tumbo la boti, na kila wanapoona tone waweke alama ya msalaba. Fundi wetu alicheka mwanzoni, kisha akawa anawafuata na tindo lake. Misalaba kumi na minne. Mmoja ulikuwa jasho la mtu aliyekuwa ameegemea.

Chakula

Sambaza wa kukaanga, makemba (ndizi za kupika), bugali, pilipili. Nunua kwa mama ambaye sufuria yake inachemka mbele yako, si yule ambaye samaki wake wamekaa toka asubuhi na nzi. Oshea watoto mikono kwa maji mliyobeba na sabuni. Hayo tu.

Kama koko na babu wako pamoja nanyi, hapa ndipo mahali pa zawadi. Kwetu watoto wanatoa kadi au kitenge na kusema maneno yao mbele ya watu wote. Mwaka jana kijana alimpa mama yake kipande cha ubao alichopewa na fundi, ameandika jina lake kwa msumari. Kitenge nilichonunua mimi hakikupata hata nusu ya machozi yale.

Boti inaposhuka

Kama imewaangukia siku hiyo, mtaiona dalili yake kuanzia saa tano: kamba zinatandazwa, migomba inakatwa na kulazwa chini ili utelezi uwepo, mwenye boti amevaa shati jipya na anapiga simu mfululizo. Mchungaji au padri anaweza kuwepo, na maombi yanaweza kuwa marefu. Vueni kofia, msubiri.

Mahali pa kusimama ni pembeni, upande wa juu, mbali na kamba. Narudia: mbali na kamba. Kamba iliyovutwa ikikatika inarudi kama mjeledi. Na mtu asisimame mbele ya boti, upande wa maji, hata kwa picha nzuri namna gani, wala nyuma yake. Magogo yanazunguka na yanaweza kuruka. Kila mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine; mkisema "tunawaangalia wote pamoja," hakuna anayewaangalia.

Vijana wakubwa na wewe mwenyewe mnaweza kuvuta. Ingia katikati ya mstari, si mwisho. Mmoja anaimba neno, wote wanajibu na kuvuta kwenye jibu, si kwenye neno. Mimi nilivuta kwenye neno mara tatu, nikaambiwa mbele ya watoto wangu kwamba napumzisha wenzangu. Boti inakataa, inakataa, inasogea kama unene wa kidole. Halafu ghafla inakwenda yenyewe, watu wanaachia kamba wanakimbia, na maji yanapokea kwa kelele moja nzito, na mama wanapiga vigelegele, na kwa muda mfupi chombo kinaonekana kidogo kuliko kilivyokuwa nchi kavu. Kila mara kinaonekana kidogo. Sijui ni kwa nini inanigusa hivyo.

Kupanda au kutopanda

Watoto watataka kupanda palepale, na mwenye boti kwa furaha yake atawakaribisha. Mseme hapana kwa adabu. Mbao mpya hazijakunywa maji. Siku ya kwanza boti inavuja, mbao zinavimba polepole, nyufa zinajibana, na fundi anakaa ndani akitoa maji kwa kopo. Mpongezeni, msimame ufuoni.

Mkitaka maji siku hiyo, tafuteni boti nyingine ya kuzunguka kifupi, na iwe asubuhi. Kiangazi upepo wa kusini unaamka mchana, na sisi wa Goma tuko kaskazini kabisa, mawimbi yote yanaishia kwetu. Asubuhi ziwa limelala. Saa tisa si ziwa lile tena.

Sheria zetu nyumbani ni chache. Kila mtu na jile yake, yaani jaketi la kuokolea maisha, imefungwa, si iliyowekwa chini ya kiti, na ya mtoto iwe ya mtoto, kwa sababu ile ya mtu mzima inampita kichwani akianguka. Baada ya ajali ya Aprili 2019 upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi alitoa amri kwamba kila abiria avae jile; utakuta bado kuna anayekuangalia kama mwoga ukiuliza. Uliza tu. Tazama mstari wa maji ubavuni mwa boti kabla watu hawajapanda na tena baada ya kupanda. Ukiona imezama sana, shukeni, hata kama mmelipa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiwa ufuoni wanaiona. Ni ufuo huu huu mnaokula sambaza. Watoto wangu wakubwa wanajua, na niliwaambia pale pale, tukiwa tumesimama, kabla ya kuchagua boti.

Usiku msiwe majini na familia. Saa kumi na mbili na robo jua limekwisha kuzama, na moto mnaweza kukosa. Sisi saa kumi tunaanza kukusanya vitu. Vumbi na moshi wa kiangazi unaificha Nyiragongo, mlima wetu wa volkeno, mchana, lakini kuna jioni ambazo anga linafunguka na mnaona wekundu wake juu mkiwa njiani kurudi.

Nyumbani

Mtakuta lami. Kwenye viganja, kwenye nywele, kwenye gauni la sikukuu ambalo mlisema halitavaliwa na likavaliwa. Usianze na sabuni, wala usisugue na maji ya moto, inaenea. Paka mafuta ya kula au ya mawese kidogo, ngoja kama dakika kumi, futa na kitambaa kikavu, rudia, ndipo sabuni. Mawese yana doa lake, kwa hiyo kwenye nguo nyeupe tumia mafuta meupe. Kwenye nywele za binti yangu ilichukua jioni nzima, yeye akiwa amekaa kati ya magoti ya mama yake, anagonga kiti kwa kijiko, ta-ta-ta, na kusikiliza kama kimekataa.